Karamu ya Kibugi wa Mawe

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza haimwachi mtu aliyelelewa nayo. Ni tamu na chachu kwa pamoja, huingia kwenye blanketi, kwenye nywele, hata kwenye ugali, na sisi watoto wa laini za nyumba za wafanyakazi nje ya Ruiru hatukujua kwamba kuna mahali duniani ambapo hewa hainuki hivyo. Kiwanda cha kumenya kahawa kilikuwa chini mtoni, vijumba vyetu vikiwa juu kwenye mteremko, na katikati palikuwa na uwanja ambapo wanawake walimwaga kahawa waliyochuma juu ya magunia na kuichambua, nyekundu huku, kijani kule. Mikono ilikuwa na kazi lakini midomo ilikuwa huru. Hapo uwanjani ndipo nilipomsikia Kibugi wa Mawe kwa mara ya kwanza, nikiwa bado sijaota tena meno ya mbele.

Kibugi alikuwa mwizi wa mifugo wa zama za masetla, na aliitwa wa Mawe kwa sababu maficho yake yalikuwa kwenye machimbo ya mawe upande wa Ndarugu. Wanawake walisema akipiga mluzi mmoja ng'ombe wa mzungu wanaruka ua na kumfuata. Walisema aliweza kujigeuza jiwe, na kwamba askari aliyechoka kumsaka aliwahi kuketi juu yake, akavuta sigara mpaka ikaisha. Lakini sehemu iliyopendwa kuliko zote ni ya karamu. Mwaka mmoja wa njaa, Kibugi alishuka kwenye laini na nyama begani, akagawa kipande kwa kila mlango bila kubagua mtu, na siku hiyo moshi ulitoka katika kila jiko. Wanawake waliisimulia hiyo nyama mpaka mate yakatujaa. Baada ya karamu hadithi ilikuwa fupi tu: mwanamke mmoja akamuuza kwa askari, wakampiga risasi kule machimboni, basi.

Mwanamke mmoja. Ukiuliza ni mwanamke gani, uliambiwa uchambue kahawa. Na siku ambazo Cucu, mamake baba yangu, alikuwa ameketi nasi, hadithi iliishia kwenye nyama na Kibugi hakufa kabisa. Nilidhani ni kwa sababu mizani imefunguliwa na watu wanataka kupimiwa mapema. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wale wanawake walijua kila kitu. Walichota maji kwenye mfereji mmoja na Cucu, walishikiana watoto, walizikana. Hawakuwa malaika, walisengenyana kama watu wengine wote, lakini hadithi inayosemwa kwa mdomo humwona aliyeketi pale ikasemwa kwa kumpisha.

Kisha akaja mtu na kuiandika. Alizaliwa kwenye laini zetu hizo hizo, mtoto wa karani wa kiwanda, akasoma, akawa mwalimu mjini Thika, na akatoa riwaya ya Kiswahili kuhusu Kibugi. Ilikuwa riwaya nzuri. Ningependa sana kusema ilikuwa takataka, lakini nzuri ilikuwa, na ndiyo maana iliingizwa mashuleni nilipokuwa kidato cha pili. Tatizo la riwaya ni kwamba haiwezi kuridhika na mwanamke mmoja. Inataka jina, inataka meno, inataka nyumba. Mwandishi akampa vyote. Mwanamke wake alikuwa na mwanya, aliishi nyumba ya mwisho karibu na kiwanda, alimuuza Kibugi kwa gunia la sukari, na jina lake lilikuwa Nyambura.

Katika laini zile aliyewahi kuishi nyumba ya mwisho kwa jina hilo ni mtu mmoja, Cucu wangu. Na kwa kuwa kwetu Wakikuyu msichana wa kwanza hupewa jina la mamake baba, Nyambura wa pili alikuwa ameketi safu ya tatu darasani, ameshika nakala yake, akisikiliza mwalimu akisoma kwa sauti. Nusu ya darasa walikuwa watoto wa laini. Waligeuka mmoja mmoja kuniangalia. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa nimebatizwa upya.

"Sukari, niaje?" wakaniuliza kwenye foleni ya githeri. "Leo umeuza nani?"

Nilicheka nao. Nataka hilo lijulikane, kwamba nilicheka.

Likizo ya Agosti nilipelekwa kwa Cucu, Gatuanyaga, alikohamia alipoacha kazi ya kahawa. Alikuwa na kishamba kidogo, kuku wachache na mihogo iliyokuwa ikipigana na jua. Mwaka ule vumbi lilikuwa zito mpaka ukipangusa meza unaweza kuandika jina lako juu yake kabla hujamaliza kupangusa. Miaka yote nilipokuwa nikifika, Cucu aliniita mke mwenza, kwa maana nimebeba jina lake na kwa hiyo ni kama tumeolewa na babu mmoja, akinitania kwamba nimekuja kumnyang'anya mume aliyekwisha kufa. Safari hii alinipokea mkoba tu. Alhamisi ya kwanza niliona hakuna maandalizi. Wanawake wa kanisani walikuwa na desturi ya kusali nyumbani kwa mmoja wao kila Alhamisi, kwa zamu, na zamu ilikuwa ya Cucu. Hakuna aliyekuja. Alhamisi iliyofuata waliimba kwa jirani, sisi tukiwasikia vizuri kupitia ua wa mikonge.

Siku ya tatu baada ya hapo alinifungulia sanduku lake. Ndani ya leso alikuwa amefunga ile riwaya. Kumbe alikuwa amekwenda Thika peke yake, amevaa kitambaa chake cha kanisa, akaulizia nyumba ya mwandishi mpaka akaipata. Alipokelewa kwa heshima zote. Alipewa chai na mkate uliopakwa siagi, akaitwa mama. Mwandishi alimwambia kwamba asihuzunike, hiyo ni riwaya tu, na watu wa riwaya ni wa kubuni. Kisha akampa nakala ya zawadi. Nilifungua ukurasa wa kwanza nikakuta ameandika kwa kalamu: Kwa Mama Nyambura, kwa heshima kubwa. Cucu hakujua kusoma.

"Nisomee," aliniambia. Tulizungumza Kikuyu, na hapa ninamweka katika Kiswahili kadiri ninavyoweza.

Tuliketi kivulini upande wa jiko, alasiri, yeye akipukuchua mahindi. Kitabu kile nilikuwa nakijua nje ndani, kwa hiyo nilipofika sura yenyewe nilimbadilisha mwanamke nikamfanya mnyapara mwanamume, mnene, mwenye kitambi. Nilijiona mjanja. Nilikuwa nikitafsiri huku nikitunga, na kitambi kilizidi kukua.

Cucu hakuinua macho. "Muiru wakwa," alisema, mke mwenzangu, "soma vile imeandikwa."

Nikasoma. Nilisoma mwanya, nyumba ya mwisho, gunia la sukari. Nilisoma namna Nyambura alivyoonja sukari kwa ncha ya ulimi huku risasi zikisikika kutoka machimboni. Nilipomaliza Cucu aliniomba nirudi nyuma, nimsomee tena ile sura ya karamu, ambayo ndiyo iliyosifiwa zaidi na walimu. Alisikiliza mpaka mwisho, mahindi yakianguka kwenye ungo.

"Wanasema alitulisha," alisema. "Sisi ndio tulimlisha. Unga wangu alikula miezi miwili. Akija anagonga, unafungua, utafanya nini? Na hiyo nyama ya karamu haikuwa ya mzungu. Ng'ombe wa mzungu walilindwa mwaka ule na bunduki. Ilikuwa ya mbuzi wangu."

Alikuwa na watoto wawili wakati huo. Mkubwa ni baba yangu. Mdogo alikuwa msichana wa miezi minane, na maziwa ya Cucu yalikuwa yamekauka kwa njaa, kwa hiyo alimnywesha ya mbuzi. Kibugi alimfungua mbuzi huyo mchana, akamchinja mtoni, akapanda laini akigawa nyama mlango kwa mlango huku watu wakimwimbia. Mlangoni kwa Cucu pia alifika. Alimpa mguu wa nyuma. Mtoto alimaliza wiki mbili tu, akafa.

"Nilionyesha askari njia," alisema Cucu. "Hilo ameandika kweli. Na sukari walinipa, sitadanganya, lakini haikuwa gunia, ilikuwa imefungwa kwenye gazeti. Tuliinywa."

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilichotaka zaidi ya kitu kingine chochote ni kwamba Cucu awe hana hatia hata kidogo, ili niweze kumtetea bila kigugumizi. Alinipangusa makapi ya mahindi kwenye goti.

"Ukirudi shule mwambie mwalimu habari ya mbuzi. Hayo mengine wacha. Mbuzi tu. Hao watoto waambiwe mbuzi alikuwa wa nani."

Nilimwahidi. Nilikuwa nimeazimia kabisa, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikipanga maneno.

Muhula wa tatu mwalimu alituambia tufunge vitabu, tutoe karatasi. Swali lilikuwa ubaoni: jadili sifa za Nyambura, ukirejelea riwaya. Alama ishirini. Ninakumbuka jinsi mwenzangu wa kulia alivyokuwa akiandika mbio. Tulikuwa tumefundishwa jinsi ya kujibu: sifa, maelezo, mfano kutoka kitabuni. Mbuzi hakuwa kitabuni. Ningemwandika, ningepata sifuri, na tena wangejua ni Cucu kweli. Nikaandika. Nyambura ni msaliti. Nyambura ni mwenye tamaa. Nyambura ni mnafiki, katili, asiye na shukrani kwa mtu aliyemlisha. Kurasa tatu, mwandiko safi. Nilipata kumi na nane, na mwalimu akaisoma kazi yangu mbele ya darasa kama mfano wa kuigwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniita Sukari tena.

Krismasi Cucu aliniuliza kama nilisema. Nikamwambia nilisema. Akaniuliza walisemaje. Nikamwambia walinyamaza wote, kimya kabisa. Alifurahi sana. Alinichinjia kuku, na akaanza kuniita mke mwenza tena. Alikufa mwaka uliofuata kabla ya mvua, akiamini hivyo.

Leo nina kibanda cha vitabu mjini Thika, karibu na soko. Kila Januari wazazi wanakuja na orodha za shule, na ile riwaya imechapishwa upya kwa jalada jipya, Kibugi akiwa na kifua kama cha mpiga ngumi na machimbo yanang'aa nyuma yake. Ninaiuza. Ninauza na nyingine za aina hiyo pia, kwa sababu siku hizi kila mwandishi kijana anamfufua mwizi wa kijijini kwao na kumvika ushujaa, na vijana wanazipenda. Nazisoma zote kabla ya kuzipanga. Mashujaa wao ni wakarimu ajabu, wanagawa kuanzia ukurasa wa kwanza, na sijawahi kuona mahali ambapo mtu anauliza kinachogawanywa kilitoka kwenye zizi la nani. Ninazifunga nikiwa na hasira, halafu naziweka mbele ambapo zitaonekana. Kahawa ya utotoni mwangu iling'olewa. Palipokuwa uwanja wa kuchambulia pana nyumba za ghorofa zenye lango na walinzi, na hewa ya pale sasa hainuki chochote.

Mwaka huu mwanangu, anayeishi na mkewe mtaa wa Kamakis, alipata mtoto wa kwanza, msichana. Kwa desturi anapaswa kubeba jina langu, ambalo ni la Cucu. Nilikwenda kumwona nikiwa na uji na mavazi. Mkwe wangu ni msichana mwenye adabu. Aliniandalia chai, akaketi karibu nami.

"Mum, usikasirike," alisema. "Tuliongea na bwanangu. Hiyo jina... si unajua watoto wanasoma hiyo book shule. Watamsumbua. Mimi mwenyewe niliandika composition ya huyo Nyambura. Alikuwa mbaya, ai!"

Basi nikamwambia. Nilimwambia mbuzi, mtoto wa miezi minane, mguu wa nyuma mlangoni, sukari kwenye gazeti. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu. Mkwe wangu alisikiliza huku amemshika mtoto kifuani, na machozi yakamlengalenga, kwa kuwa ana roho nzuri.

"Woi, pole sana, mum," alisema. "Lakini hiyo story, nani anaijua?"

Nilimjibu kwamba hakuna. Mtoto wakamwita Shantel, na Jumapili kanisani, wanawake wenzangu waliponipongeza na kuniuliza amechukua jina la nani, nilisema ni jina tu walilipenda.