Dada wa Mara Nyingi, Mara Chache

Mwenzangu wa kazi ameuliza maswali ya utafiti wa afya mpaka yamemwingia damuni, ukila naye mchana atakuuliza, "Umeshiba sana, kiasi, au hujashiba kabisa?" Kalamu huichomeka kwenye nywele, halafu huitafuta mkobani kwa hasira. Jana tuliingia kwa mpangaji mmoja mgonjwa, na majirani wakajazana mlangoni hadi ndani kama walioitwa. Akauliza kwa ile sauti yake ya kubembelezea watoto, "Je, watu wa hapa wanakutenga?" Mama mwenye nyumba akalidaka swali hewani: "Nani amtenge? Huyu si mwenzetu!" Mgonjwa akatazama sakafu. Mwenzangu akageuka na tabasamu la asali. "Mama, mbona umepungua hivyo? Huyu kaka ana mizani, anapimia nje, bure." Wakatoka wote wakisukumana, nami nikaiweka mizani chini ya dirisha. Ndani swali likarudiwa taratibu. "Dada," mgonjwa akajibu, "tangu niugue, leo ndiyo mara yao ya kwanza kuingia humu." Kisha mwenzangu akachungulia dirishani, akaninong'oneza: "Kaka, hao wapime polepole. Ukimaliza, anza upya."