Playoff Bungoma: siku coach alinigeuza sanamu ya kutisha ndege

Wakuu, mko salama? Mimi ni kijana wa Kitale, humu nasomanga tu kimya kimya. Leo nimeamua kuandika.

Nitawaambia vile ilikuwa, hata pale naonekana mjinga. Wachezaji wenzangu wako humu, nikiongeza chumvi watanisuta.

Shule niliachia form four, nikarudi kusaidia mama shambani. Lakini kichwani nimekuwa nikicheza basketball kwa uwanja wa taa kubwa tangu class six. Msicheke.

Kwanza niwaeleze shot yangu, ndio mnielewe.

Uwanja wetu ni wa simiti. Na watu wa Trans-Nzoia mnajua simiti ni ya nini wakati wa mavuno. Kuanika mahindi!

Wamama wanatandaza maturubai kutoka upande wa ring mpaka laini ya three, ile ya kufunga pointi tatu. Sisi wanatuachia ukingo, na kaduara kadogo chini ya ring ambapo mwenzako anasimama kudaka mpira ukiingia.

Ukikosa, mpira unaangukia mahindi ya mtu. Unapiga magoti unaokota punje moja moja, mama mwenyewe amekusimamia na mwiko.

Hapo ndipo nilijifunza. Hakuna dribble, hakuna kuingia ndani. Unashika, unarusha.

Kwa hivyo form yangu ni ya ajabu. Kiwiko kimetoka nje kama mkono wa kikombe, mpira unaanzia karibu na sikio, unapanda juu sana halafu unashuka wima. Mara ya kwanza nilienda kwa timu walicheka mpaka wakakaa chini.

Ni captain wetu Hamisi alinitetea. "Acheni mkono wa mtoto. Angalieni mpira unaenda wapi."

Hamisi ni fundi wa welding karibu na msikiti. Hata ile ring aliichomelea yeye. Ameichezea hii timu miaka kumi na moja na hatujawahi panda ligi ya juu. Mwaka huu alituambia ni wa mwisho, magoti yamekataa.

Sasa playoff. Sisi na timu ya Bungoma, mechi tatu, atakayeshinda mbili anapanda.

Ya kwanza ilikuwa kwetu. Wakuu, niliwanyeshea. Three baada ya three. Tukashinda.

Ya pili tukaenda kwao, wakaniletea Wekesa.

Huyu jamaa anauza kuku soko la Chwele. Ana mikono ya mtu amezoea kudaka kuku akitoroka. Hakuangalia mpira hata mara moja, aliangalia mimi tu. Nikienda kona, yuko. Nikifunga kamba ya kiatu, yuko.

"Kijana wa Kitale," akaniambia, "leo mpila utauona kwa picha."

Na kweli. Nilipata free throw mbili pekee. Tukapigwa.

Ya tatu ilikuwa hapo hapo Bungoma, kwa sababu walimaliza msimu juu yetu. Nikaingia na hasira. Hapa ndipo ujinga wangu ulikuwa: nilitaka kumshinda Wekesa, nikasahau kushinda mechi.

Nikalazimisha shot nne. Mbili akazizima, mbili hazikugusa hata ring. Halftime tuko nyuma pointi tisa.

Coach wetu, Mzee Njoroge, ni mkulima kwanza halafu coach. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu:

"Kim, kwenu mnafukuzaje ndege kwa mtama?"

"Tunasimamisha sanamu, coach. Tunaivalisha koti la baba."

"Hiyo sanamu inakimbizana na ndege?"

"Hapana. Inasimama tu."

"Basi enda usimame."

Akanionyesha mahali, kando, karibu na laini ya katikati. Mbali kabisa na ring.

Wakuu, niliumia. Machozi yalifika mlangoni. Nikasema, "Coach, mimi ni shooter."

Hamisi alikuwa amekaa na barafu kwa goti. Akaniangalia pole pole. "Mdogo wangu, unataka kufunga ama unataka tupande?"

Nikaenda nikasimama.

Wekesa akanifuata. Coach wao alikuwa amemwambia asiniache hata sekunde, na Wekesa ni mtu wa kusikia maagizo. Tukasimama wawili huko mbali kama watu wanangoja gari.

"Si ucheze, bana?" akaniuliza.

"Nacheza."

"Unacheza nini?"

"Nakuchunga usicheze."

Nyuma yetu walikuwa wamebaki wanne kwa wanne, na ndani kumekuwa wazi kama uwanja wa kanisa Jumatatu. Hamisi anaingia, anafunga. Anaingia tena, anafunga. Mashabiki wa Bungoma wananicheka mimi, hawaoni ile tofauti ya pointi inavyoisha.

Kila mara Wekesa akigeuka, coach wao anapaza sauti: "Wekesa! Usimwache huyo!"

Nilianza kumhurumia, kweli. "Na kuku leo nani anauza?" nikamuuliza.

"Mama."

"Msalimie."

Mara zikabaki sekunde chache, tuko nyuma pointi mbili. Hamisi akaingia tena, na lile goti likamwacha. Akaanguka na mpira mikononi.

Wekesa hakuvumilia. Akatoka mbio kwenda kuunyakua. Hatua tatu tu.

Hamisi, akiwa chini, hata hakuangalia. Akautupa mpira upande wangu.

Nikashika, nikarusha. Wekesa alikuwa amesharudi hewani, vidole viko mbele ya macho yangu, akanigonga nikaenda chini chali. Sikuona mpira ukiingia. Niliona mawingu.

Niliusikia, lakini. Bungoma yote ikanyamaza, halafu watu wetu wachache kutoka Kitale wakalipuka: three, tuko mbele pointi moja, tumepanda!

Wekesa ndiye aliniinua. "Wewe ni mtu mbaya sana," akasema, akanikumbatia.

Hamisi alikuwa bado chini. Mpira ulitoka kwa ring ukamwangukia, ameuweka ndani ya jezi, ameukumbatia kama mtoto. Refa akauomba mara mbili.

"Refa," akasema, "niandikie kosa lolote unataka. Huu naenda nao nyumbani."

Refa akaangalia pembeni, akapuliza kifirimbi cha mwisho. Mzee Njoroge akavua kofia.

Nimejifunza hivi: kuwekwa kando si kudharauliwa kila wakati. Dakika nilizosimama bila kugusa mpira ndizo kazi kubwa zaidi nimefanyia hii timu.

Nyinyi je? Kuna mtu amewahi kuambiwa asimame kando, akaumia, halafu akaelewa baadaye? Niandikieni hapa, nitasoma zote. Na watu wa Bungoma, njooni pia na matusi yenu, leo sina hasira na mtu.