Ukutani Hapapitwi

Jumamosi nilialikwa chai na jirani yangu hapa Tiwi. Nyumba yake ina ngazi nzuri ya saruji, na ukifika juu unakuta sakafu, nondo na mawingu.

"Tupande kwanza uione ghorofa," akaniambia.

Tukapanda. Sijatembea mbali akanishika mkono. "Umepita ukutani, bwana. Mlango uko huku."

Nikarudi nyuma, nikavua viatu, nikaingia mlangoni. Akawa ananionyesha kwa kidole: hapa chumba cha kulala, pale baraza ya kunywea chai.

Mkewe akatuita kutoka chini. "Shemeji, chai inapoa, na kuku wameshayaona mahamri."

"Chai tutainywa huku juu, inshallah," mume akajibu.

"Inshallah. Lakini ya leo iko huku chini."

Ghafla mvua ikamwagika. Mwenye ghorofa alikata katikati ya chumba cha kulala, akapenya kuta mbili na kuteremka mbio. Mimi, kwa adabu za mgeni, nilitokea mlangoni na kuvaa viatu. Nilifika chini nimelowa chapachapa, nikamkuta anamalizia hamri la mwisho.

Sina ugomvi na wenye mipango. Ila wakikualika, kunywa chai kwanza.