Anayemliza Neema

Jamani, leo nimemfuata binti yangu kimyakimya hadi kibanda cha video, Kasulu mjini.

Neema huyu huyu, anayewaacha wenzake wote kijijini kwetu Heru Juu kwa mbio. Miguu karithi kwangu, msibishe.

Ila kila Jumamosi anarudi macho mekundu. Nikajua tu, kuna kijana.

Naingia, namkuta kati ya watazamaji, hana kijana yeyote pembeni, analia. Kwenye mkanda, msichana kaanguka mbioni, anajiinua.

"Nani anakuliza?"

"Huyo wa kwenye mkanda, mama. Kila Jumamosi wanaurudia, nami naja kumtazama. Mimi kwenye mashindano ya shule nilianguka nikabaki chini. Nikakudanganya yameahirishwa."

Watazamaji wa nyuma wakalalamika: "Mama Neema, kaa, unatuziba."

Nikakaa. Yule msichana alifika wa mwisho, na nimelia kuliko Neema.

Nyie mngeweza kumgombeza?