Bi Kwato Hauzi Wagonjwa

Watu walimwita Bi Kwato kwa sababu aliwatambua ng'ombe wake hata kwa nyayo. Mkaza mwanawe, aliyeolewa hapo ranchini kutoka mjini, alidhani ni porojo, mpaka ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia. Ng'ombe walitokwa na vidonda ulimini, wakashindwa kula na hata kusimama. Daktari wa mifugo akafunga ranchi zote, asiingie mnyama wala asitoke.

Wakala wa kiwanda cha nyama akaja akasimama nje ya lango.

"Mama, majirani wameshakubali kuuza. Karantini ikiisha tutachukua ng'ombe na ardhi, nanyi mpumzike."

"Nimekusikia, mwanangu," Bi Kwato alimjibu taratibu. "Lakini mgonjwa wangu simuuzi, namuuguza."

Wakala alipoondoka, mkaza mwana akauliza, "Mama, tutaweza kweli?"

"Shika ndoo, binti yangu."

Wakaosha vidonda kwa maji ya chumvi, wakapika uji wa pumba, wakawalisha ng'ombe mmoja mmoja kwa mkono hadi migongo ya wanawake hao wawili ikakataa kunyooka. Ndama kadhaa walikufa. Wakubwa wakaanza kuinuka.

Asubuhi moja mkaza mwana alitoka na ndoo yake akapigwa na butwaa. Kundi zima lilikuwa bondeni, vichwa chini, likikata nyasi, na mlio wa midomo ile ulijaa bonde kama mvua. Akaweka ndoo chini, akamwita mama mkwe. Ng'ambo ya uzio majirani nao walisimama wakitazama. Jioni wawili kati yao wakamwambia wakala kwamba hawauzi tena.