Jicho Lililokataa Kufumba

Naitwa Alphonse. Kabla uso wangu haujapinda, nilikuwa mpiga tarumbeta wa kwanza katika orkesta ya hoteli moja hapa Lubumbashi, enzi mji ukiitwa Elisabethville na Katanga imejitenga na Kongo. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Tulivaa koti jeupe, tulisoma noti, tuliishi kwa kazi hiyo tu. Lakini hata mmoja wetu hakuwa na chombo chake. Tarumbeta, saksofoni, gitaa, vyote vilikuwa vya patroni, mwenye hoteli, naye alivifungia kabatini kwa ufunguo wake. Ukigombana naye, unatoka mikono mitupu. Ukiugua, vilevile, maana hatukuwa na mkataba, ile kontra.

Mimi ndiye niliyekwenda kumwambia kwamba wenzangu wanataka karatasi: mtu akiugua, nafasi yake imngojee. Akaniuliza:

"Nani iko nakutuma?"

Baba yangu alitoka Kasai kuja kutandika reli. Mimi nimezaliwa hapa. Lakini wakati ule mtu wa Kasai akifungua mdomo, watu waliuliza kwanza ametumwa na nani. Toka siku hiyo nilianza kuchunguza kila anayeniangalia. Donatien, mpiga tarumbeta wa pili, alianza kunisalimia kwa utamu kupita kawaida. Alhamisi moja mazoezini alichomoa kile kipande cha tarumbeta yangu ninachowekea midomo, akakifuta kwa kitambaa chake.

"Iko na buchafu, yaya," alisema, akiniita kaka.

Nikacheka, nikakirudisha, nikapiga.

Kesho yake asubuhi nilitia maji mdomoni kusukutua, yakanimwagikia kifuani. Nilitaka kumwita mke wangu Marceline, jina lake likatoka limevunjika. Alikuja, akashika mlango.

"Baba Mado, uso yako iko naenda wapi?"

Upande wote wa kushoto ulikuwa umelala kama nguo iliyolowa. Udenda ulinitoka bila mimi kujua. Bukari, yaani ugali, ilibaki shavuni, ikabidi niitoe kwa kidole. Nyuma ya sikio paliuma. Na jicho la kushoto halikufumba, hata nilipolisukuma kwa mkono lilifunguka tena.

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, alifika mchana, akaniuliza swali moja tu: "Ulikula kwa nani?"

Alimaanisha sumu. Niliwaza kile kitambaa.

Nilikwenda kwa patroni nimuonyeshe. Akasema, "Unaomba kontra, sasa mudomo inapinda. Uongo. Piga!" Akanipa tarumbeta mbele ya wote. Nilipuliza. Upepo ulitokea pembeni pamoja na mate, bila sauti. Hata hivyo hakuamini. Akamgeukia Donatien: "Anajifanya?" Donatien akatazama chini, akanyamaza. Siku ileile alikaa kwenye kiti changu.

Hospitalini daktari alinigusa paji la uso, akaniambia ninyanyue nyusi, nionyeshe meno. Mwishowe alisema, "Hii si sumu. Ni mushipa wa uso, umevimba. Uso itarudi, pole pole. Lakini jicho haifumbe, itakauka. Ukiiacha, itakufa." Alifunika jicho kwa bandeji, akasema nirudi kesho kuchukua dawa ya kupaka.

Kesho yake sikuweza kupita. Barabara ilifungwa, askari walikuwa wakiuliza watu makabila yao. Nikarudi nyumbani.

Jioni alikuja Donatien. Yeye aliishi jirani na hospitali, na kabila lake halikumzuia njiani. Akanipa kikopo kidogo kisicho na maandishi. "Munganga Placide, ule infirmier, alinituma. Utie mu jicho mara ine kwa siku."

Placide alikuwa muuguzi pale hospitali. Nilishukuru vizuri sana. Alipotoka tu nikakitupa chini ya kitanda. Sikumwambia mtu.

Siku ya pili jicho lilikuwa kama limejaa mchanga. Siku ya tatu likatoka usaha, mwanga ukawa unachoma kama sindano. Siku ya tano nilifunika lile zima kwa kiganja, nikamtazama binti yangu Mado. Niliona ukungu tu.

Marceline alikuwa anafagia. Akainuka na kikopo mkononi. "Hii nini?"

Nikamwambia yote: kitambaa, kiti, ule utamu wa salamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua kikopo, akachota dawa kwa kidole.

"Kama iko sumu, ianze na miye."

Akajipaka ndani ya jicho lake. Nilichelewa kumshika mkono. Tuliketi tukitazamana, mimi na jicho langu bovu, nikingoja la kwake life. Akapepesa, akapepesa tena.

"Haiume," akasema. "Iko baridi. Leta uso."

Barabara ilipofunguliwa tulikwenda hospitali; Placide alipotuona, alithibitisha kwamba dawa ilitoka kwake. Jicho lilipona, ila limebaki na doa jeupe katikati, naona nusu. Wiki ya saba pembe ya mdomo ilicheza. Mwezi wa tano nilipiga mluzi, Mado akakimbia kuwaita majirani.

Ndipo nilipomfuata Donatien, nikamuuliza usoni. Hakukasirika.

"Kiti yako niliitaka, yaya. Jicho yako, hapana. Siku patroni aliniuliza, nilinyamaza. Ile njo kosa yangu."

Wakati naugua, wenzangu wote kumi walikwenda pamoja kwa patroni, Donatien akiwemo, wakakataa kupiga mpaka aitie saini ile karatasi. Akatia. Mgonjwa angojewe miezi mitatu. Mimi nilikuwa nimeipita, haikunisaidia. Nilirudi nikiwa mpiga tarumbeta wa pili, na noti za juu sikuzifikia tena.

Namshukuru Mungu, na Placide aliyemkumbuka mgonjwa ambaye hakurudi. Na wewe ambaye uso wako umepinda leo, nenda hospitali leo hii, ulinde jicho. Ukiogopa dawa, au mkono ulioileta, usifiche. Sema nyumbani kwamba unaogopa, na kwa nini. Mimi nilinyamaza siku tano. Marceline hakunyamaza hata dakika moja, na kwa jicho moja na nusu ninamwona mpaka leo.