Daktari Niliyemsingizia

Mkosaji ni mimi. Shule niliishia darasa la tatu, nikajifanya mjuzi wa vinywa vya watu. Majina huwa siyasahau, ila langu ndilo siwapi.

Mjukuu wangu Akello alikuwa na miaka saba, meno ya mbele ya utu uzima ndiyo yanaota, na ya chini yakapita mbele ya yale ya juu. Mwalimu akaandika barua: mpelekeni kwa daktari wa kupanga meno. Mkamwana wangu Wanjiru, Mkenya, anafanya kazi mtaa wa Bukoto na hapati ruhusa. Akaweka miadi, akanipa barua.

"Jaja, mpeleke wewe, tafadhali." Jaja ni bibi; ndivyo wote nyumbani wanavyoniita.

Nikamcheka. "Unataka kunyoosha uso wa marehemu?" Maana kidevu kile kilikuwa cha mume wangu, Sajenti Okello, ambaye mtoto alipewa jina lake kwa umbo la kike. Kila mgeni aliyekuja kwangu hapa Mbuya nilimwonyesha: tazama, Sajenti karudi.

Jirani yangu Mama Furaha, Mkongo muuza vitenge, ambaye kwao bibi ni koko, akanijazia ujinga juu ya ule wangu. "Koko, meno ya mutoto inajipangaka yenyewe. Daktari atapanga nini, na ya maziwa ingali mudomoni?"

Tukacheka, wajinga wawili kwenye mkeka mmoja.

Siku ya miadi nilimvalisha Akello gauni la kanisani, tukaishia kwa muuza gonja njiani. Akaila ndizi yake ya kuchoma kwa upande wa mdomo, kwa sababu kwa mbele haikatiki. Niliona. Nikamwambia, "Mama akikuuliza, sema daktari amekutazama."

Jioni Wanjiru akauliza. Nikajibu bila kupepesa: daktari amesema tungoje meno yote ya utu uzima yaote kwanza.

Wanjiru akangoja. Mimi nikajiona nina akili.

Sasa Akello ana miaka kumi na minne. Anacheka kiganja kikiwa mdomoni. Shuleni wanamwita Droo, eti taya lake limechomoka kama droo iliyosahauliwa wazi.

Mwezi uliopita Wanjiru alimpeleka mwenyewe, nami nikafuata. Daktari, binti mpole, akasema angemwona akiwa na miaka saba, taya la juu likingali laini, kifaa cha kuvaa kingeweza kulivuta mbele. Sasa tungoje amalize kukua, na huenda taya likakatwa kwa upasuaji.

"Nani aliwaambia mngoje?"

"Daktari mwenzako," Wanjiru akasema, midomo ameibetua. "Mjinga gani yule? Jaja, wewe unayekumbuka kila jina, anaitwa nani?"

Akello akanitazama, kisha akaziba mdomo kwa kiganja.

"Jaja alisahau, mama."

Miaka saba mtoto amenibebea uongo, na bado ananifichia.

Nyumbani nikaitazama picha ya Sajenti. Mdomo kaufunga, kama katika picha zake zote. Nyama aliikatakata kwa kisu vipande vidogo, nami nikawatambia watu kwamba ndiyo heshima ya mwanajeshi. Kumbe mtu alikuwa hawezi kuuma.

Wewe bibi mwenzangu unayesema ya maziwa yataanguka: yataanguka, ndiyo. Taya halianguki. Mtoto akifika miaka saba, apelekwe akatazamwe, hata kama wewe unaona meno mazuri. Na kama ni kungoja, aambiwe na aliyesomea.

Jumapili Wanjiru akitoka kanisani nitampa jina la yule daktari mjinga. Ni langu.